Dawa ya Kuvu ni Ipi?

Wakulima wa Kipokomo kandokando ya Mto Tana, toka Hola hadi Garsen, wamerithishana miembe vizazi na vizazi. Mwaka 2003 aligunduliwa nchini nzi mgeni wa matunda, mwenye asili ya Asia. Hutaga chini ya ganda la embe, na mabuu wake hula nyama humo ndani, mahali ambapo sumu inayonyunyizwa haifiki.

Taasisi ya ICIPE ya Nairobi imeshughulikia silaha zilizo hai: nyigu mdogo atagaye ndani ya mayai ya nzi huyo, na kuvu iitwayo Metarhizium, itiwayo udongoni chini ya mti, ambako buu huanguka ili apate kugeuka nzi.

Linalonikera mimi, mtu wa isimu, ni jina. Dukani kila kitu huitwa dawa. Dawa ya mizizi hutengenezwa kwa mizizi. Dawa ya minyoo huua minyoo. Je, dawa ya kuvu ni ipi? Mkulima wa Garsen aliyezoea kupambana na kuvu ya majani ataelewa kinyume, na huenda akanyunyiza sumu ya kuiangamiza ile ile aliyoinunua. Hicho kijineno 'ya' chaweza kumpotezea mavuno ya msimu mzima.

Sumu na tuiite sumu, bila haya. Bidhaa hizi tuziite viuadudu hai. Walimu wa Kiswahili na wa kilimo wa Tana River waketi pamoja kulijadili, kwani mara nyingi wanafunzi wao ndio wanaowasomea wazazi maelezo ya chupa.