*NENO LA KATIBU WA TAWI: ANAYECHUKUA PATO ACHUKUE NA MZIGO*



Katika vikao vyetu kuna hoja inayojirudia: madaraka yakae Dodoma au yabaki halmashauri? Maoni yangu, tuanze na maswali mawili ya kihesabu. Fedha anakusanya nani? Kazi anadaiwa nani?

Wamarekani walikutana na jambo hili mapema. Mkataba wao wa kwanza, ulioanza 1781, uliacha nguvu karibu zote kwa majimbo. Bunge la pamoja halikuweza kutoza kodi; liliomba michango, na majimbo mengi yakachelewesha au hayakutoa. Askari waliopigania uhuru wakabaki wanadai. Katiba ya 1787 ikaipa serikali kuu uwezo wa kutoza kodi, na ushuru wa forodha ukahama kutoka majimboni. Lakini mwaka 1790 serikali hiyo ilibeba pia madeni ya vita ya majimbo. Pato lilihama na mzigo wake.

Sisi tulianza kufuta halmashauri mwaka 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Madaraka yalifika mikoani kweli, ila mikononi mwa watumishi wa serikali kuu, siyo madiwani. Zilirudishwa kwa sheria za 1982, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema mwaka 1984 kwamba kama angeanza upya asingezifuta. Leo zimo kwenye Katiba, Ibara ya 145 na 146.

Sasa tazameni kodi ya majengo. Ilikuwa chanzo cha halmashauri. Mwaka 2016 ikapelekwa TRA, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU; nyumba ya kawaida ilianza na sh. 1,000 kwa mwezi. Njia hiyo siipingi. Ni nafuu kuliko kugonga mlango kwa mlango. Na tuseme haki: mishahara ya walimu na wauguzi wetu inatoka Hazina. Lakini taka zikirundikana Ilomba au vyoo vya shule vikijaa, anayebanwa ni diwani na Jiji. Pato limehama, lawama imebaki.

Kwa hiyo sidai kodi irudi kukusanywa na Jiji. Nadai hesabu. Kila robo mwaka ubao wa matangazo wa kata uonyeshe mambo matatu: kilichokatwa kwa wakazi, kilichorudi Jiji la Mbeya, na kilichofanyika hapa Ilomba.

Naomba kila mwanachama atunze meseji zake za LUKU, ajumlishe makato ya kodi ya jengo, aje na jumla hiyo kwenye mkutano wa mtaa. Tuulize kwa heshima, tukiwa na takwimu mkononi. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kujibu kelele, lakini namba anaweza kuipeleka juu.

Msomeeni na jirani asiye na simu janja.

*Katibu wa Tawi, Ilomba*