Jiko la Mtungi na Gesi ya Bomba



Kijana mmoja wa Dar es Salaam ametuletea barua, nasi tumeona jawabu yake yafaa isomwe na wengi, kwani jambo lililomfika yeye leo litawafika na wengine kesho. Asema kwamba mtaani kwao bomba la gesi asilia limekwisha ingia, na jiko la ndani lapikia gesi hiyo. Lakini uani wanalo jiko kubwa la kuchomea nyama, nalo tangu siku liliponunuliwa latumia gesi ya mtungi. Idi ya Mfunguo Tatu yakaribia na wageni ni wengi. Kaka yake ataka kuung'oa mpira katika mtungi na kuufunga katika bomba, kazi ya dakika kumi. Mama yao akataza. Kijana atuuliza ni nani mwenye haki.

Mama ndiye mwenye haki. Na sababu yake tutaieleza, maana kumwambia kijana "usifanye" bila ya sababu ni kumfundisha kufanya kwa siri.

Watu wengi wadhani kuwa gesi ni gesi, kama vile maji ya kisimani na maji ya mferejini. Sivyo. Gesi ya mtungi ya kwetu ni mchanganyiko wa propeni na buteni, iliyoshindiliwa hata ikawa maji. Gesi ya bomba kwa sehemu kubwa ni methani, nayo hutoka chini ya ardhi. Ile ya Songo Songo, kisiwa kilicho katika wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Ukipima ujazo ulio sawa wa gesi hizi mbili, ile ya mtungi ina joto mara mbili na nusu au zaidi. Tena kwa kawaida huingia jikoni kwa msukumo mkubwa kuliko ile ya bomba.

Sasa tazama ndani ya jiko. Mbele ya kila koki pana kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba, ambacho mafundi hukiita nozeli. Tundu hilo limepimwa kwa gesi moja tu. Jiko la mtungi likitiwa gesi ya bomba, tundu huwa dogo mno: moto hupungua hata kukaribia nusu, na nyama itakaa juu ya wavu mpaka wageni wasinzie. Na jiko la bomba likitiwa gesi ya mtungi, tundu huwa kubwa mno: moto huruka juu, wa njano, wenye masizi na hewa ya sumu isiyo na harufu. Kosa la kwanza hutia njaa. La pili laweza kuua, hasa mvua inyeshapo na watu wakalivuta jiko barazani.

Wako wanaopanua tundu kwa msumari. Jambo hili twalikataa kabisa. Tundu la milimita 1 likizidi sehemu moja ya kumi ya milimita, nafasi ya kupitia gesi huzidi kwa sehemu moja ya tano. Ni mkono gani ushikao msumari uwezao kupima hivyo? Yatakiwa nozeli za mtengenezaji wa jiko lile lile, na mpira na kidhibiti msukumo vya gesi ya bomba, maana kile cha juu ya mtungi hakifai tena. Kazi yenyewe ni ya fundi aliyeruhusiwa na wenye bomba. Akimaliza apake povu la sabuni penye viungo vyote: likifanya mapovu, gesi yavuja. Asijaribu kwa kiberiti.

Yafaa nyumba nzima ijue pia kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa; ikivuja hulala chini na kuingia mashimoni. Methani ni nyepesi, hupanda na kukusanyika chini ya paa. Basi banda la uani lililozibwa juu si mahali pa jiko la bomba.

Kabla ya yote, soma kibandiko cha nyuma ya jiko. Huandikwa gesi lililotengenezewa, na majiko mengine mtengenezaji hakuruhusu yabadilishwe kamwe. Likiwa ni la namna hiyo, mtungi ubaki, wala hapana aibu.

Ama Idi hii, siku zilizosalia ni chache na fundi huenda asipatikane. Chomeni kwa mtungi kama mlivyozoea, na huyo kaka yako mwenye dakika kumi apewe kisu akate mishikaki.