Si kila mlio wa gari ni wa kukimbilia gereji

NI jambo la kawaida siku hizi kukuta Toyota Mark II au Crown la zamani limeegeshwa chini ya mwembe Nangurukuru, Kilwa Masoko au Lindi mjini. Magari hayo yalitengenezwa Japan kwa ajili ya watu wenye nafasi zao: viti laini, injini ya silinda sita na vikorombwezo vya umeme kila kona. Kwa kuwa Toyota iliacha kutengeneza Mark II ya saluni mwaka 2004, hata ile ya mwisho kabisa sasa ina umri wa zaidi ya miaka 20.

Gari la umri huo lina maneno mengi. Dashibodi inalia kila likipanda tuta, kioo cha mlango wa nyuma kinapanda kwa kusuasua, na bati la kukinga joto la ekzosi linacheza injini ikiunguruma taratibu. Mengine yakiwashwa tu hutoa sauti ya mwanamke wa Kijapani, akimkumbusha dereva kuweka kadi ya kulipia barabara za huko kwao.

Wenye magari hayo wamegawanyika katika makundi mawili. Wapo wanaokimbilia gereji kila wanaposikia mlio mpya. Wapo pia wanaoongeza sauti ya redio ili wasiusikie. Kwa hesabu ya uchumi wa kaya, makundi yote mawili yanapoteza fedha.

Mkulima wa pwani ya Lindi hapati mshahara wa kila mwezi. Fedha yake huja kwa msimu: minada ya ufuta katikati ya mwaka, na ya korosho kuanzia Oktoba. Kwa hiyo shilingi anayompa fundi ndiyo hiyo hiyo ya palizi, ya vibarua na ya ada ya shule.

Chukulia mfano wa mkulima mwenye ufuta na ekari tano za mikorosho. Mwezi Julai amelipwa fedha ya ufuta, na fundi anamwambia kuwa kufungua dashibodi nzima na kubadilisha mota ya kioo kutagharimu shilingi 250,000. Wakati huo huo mikorosho inaanza kuchanua na inahitaji kupuliziwa dawa dhidi ya ubwiri unga. Fedha ikienda kwenye dashibodi, gari litanyamaza, lakini vibarua wa kupulizia watasubiri. Maua yakishashambuliwa, hasara hiyo hairekebishwi hadi msimu mwingine.

Isitoshe, msimu ujao hauna dhamana. Katika msimu wa 2017/18 korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada. Novemba 2018 minada ilikuwa imekwama, serikali ikatangaza kuinunua yote kwa shilingi 3,300, na wapo wakulima waliosubiri malipo kwa miezi. Aliyekuwa amemaliza akiba kwenye gari alijua uchungu wake.

Hata hivyo, kuvumilia kila kitu nako si busara. Tatizo ni kwamba sikio ni mshauri mbaya wa matumizi. Linapeleka fedha kwenye kinachopiga kelele, wakati vinavyoharibu gari na kuua watu mara nyingi viko kimya.

Mkanda wa taimingi hautoi mlio wowote unapozeeka. Ukikatika njiani injini huzima papo hapo, na katika baadhi ya injini valvu hugongana na pistoni, gharama ikawa ya injini nzima. Maji ya rejeta yanayopungua kidogo kidogo hayalii. Tairi lenye kipira kizuri lakini lililozeeka kwa jua halilii mpaka lipasuke.

Pwani ina adui mwingine mkimya, nayo ni chumvi. Mchuuzi anayebeba samaki wenye barafu kwenye buti kutoka Kilwa Kivinje anamwaga maji ya chumvi kwenye sakafu ya gari kila safari. Kutu inakula bodi na mabomba ya breki kwa chini huku mwenyewe akihangaika na kioo cha mlango. Ndoo mbili za maji baridi baada ya safari na plastiki nzito kwenye buti ni nafuu kuliko kuchomelea sakafu.

Milio nayo haina uzito mmoja. Breki zinazokwaruza chuma kwa chuma, mvumo wa gurudumu unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na mgongo wa chini unaoambatana na usukani kuyumba, hayo hayasubiri mnada. Lakini dashibodi, kiti cha umeme kilichogoma, redio iliyokufa na yule dada wa Kijapani, havijawahi kumlaza mtu porini.

Na kulala porini katika ukanda huu si jambo la mzaha. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu kubwa ya njia hiyo haina gereji wala duka la spea. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara hiyo wilayani Kilwa, wasafiri walikwama bila kosa lao. Lakini gari linalozimika kati ya Somanga na Nangurukuru kwa mkanda uliopitiliza muda wake ni hasara ya kujitakia, hasa kama lina samaki ndani.

Wapo watakaosema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini mwenye nyumba mwenye akili huanza na ufa ulio kwenye msingi, si ule wa rangi sebuleni. Wengine watasema dawa ni kuuza na kuagiza jingine. Nao wakumbuke kuwa gari la abiria lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu linapoingia nchini, na kwamba litakuja na milio yake ambayo mwenyewe bado haijui. Mark II iliyopo, angalau tabia zake zinafahamika.

Njia rahisi ni daftari. Kila mlio mpya uandikwe: tarehe, unatokea mwendo gani, wakati wa kukata kona, kufunga breki au kupanda tuta. Ukihusu breki, usukani au magurudumu, gari liende kwa fundi siku hiyo hiyo. Mwingine wowote upewe mwezi mmoja. Ukibaki vilevile, uachwe, ukiongezeka, ukaguliwe. Ukurasa wa pili uandikwe vile visivyolia: mkanda, oili, maji, matairi na kutu, pamoja na tarehe ya kuvishughulikia mara fedha ya msimu inapoingia.

Gari la namna hiyo halitakuwa kimya kama lilivyokuwa Japan. Litafika mnadani na kurudi, na mikorosho itakuwa imepuliziwa kwa wakati.