Si Ujinga, Si Mapepo
Ati "niko na OCD" juu umepanga viatu kwa rangi. Wacha. OCD ni mtoto anayenawa mikono mpaka ngozi inapasuka, anajua fika ni misafi, na bado anarudi kwa mfereji. Wakubwa wanamwambia aache ujinga. Au wanampeleka akaombewe.

Mwaka 1998, Susan Swedo na madaktari wenzake huko Marekani walieleza habari za watoto 50 walioanza au kuzidiwa ghafla na tabia hizi, au na kutikisika kusikozuilika, baada ya kuambukizwa streptokoka, bakteria wa koo. Walichoshuku ni hiki: mwili unaunda kingamwili za kupigana na bakteria, kisha kingamwili hizo zinakosea adui na kushambulia sehemu za ndani ya ubongo. Unaona ni hadithi? Koo hilo hilo lisipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, kinga ikageukia valvu za moyo. Hiyo Kenya tunaijua, na hakuna anayemwambia mgonjwa wa moyo ajikaze.

Wanasayansi bado wanabishana, na wana sababu. Wengi wenye OCD hawajawahi kuonyeshwa kwamba chanzo ni koo, kwa hivyo usikimbie kemisti kununua antibiotiki. Kuna tiba ya mazungumzo na dawa zinazosaidia. Lakini wewe unayesema "hiyo ni ya kichwa tu", kwani hicho kichwa kiko nje ya mwili?