Rangi ya Dukani Yaua Mtungi

Wako watu wasemao ya kwamba kazi ya ufinyanzi itaokolewa na wageni watembezi. Husema, "Mgeni apenda rangi. Utie mtungi rangi ya dukani, nyekundu, manjano na buluu, naye ataununua auchukue kwao uwe ukumbusho." Maneno haya yapendeza masikioni, lakini yafaa yajibiwe.

Kwanza tufikiri mtungi ni kitu gani. Wanawake wa Kikisi, wakaao Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, hufinyanga vyombo kwa mikono, huvilainisha, huvichoma motoni, kisha huchukuliwa kwa mitumbwi mpaka soko la Lyulilo, karibu na Matema. Mtungi wa udongo una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo kidogo kidogo, hukauka kwa nje, na kwa kukauka huko yaliyobaki ndani hupoa. Ukiupaka rangi ya mafuta, umeviziba vitundu hivyo, na maji hayapoi tena. Umebaki na sanamu ya mtungi tu.

Pili, rangi huficha. Mnunuzi mwenye akili hugonga mtungi kwa kidole: ulio mzima hulia vizuri, wenye ufa hutoa sauti nzito. Ufa mwembamba hufunikwa na rangi, naye mgeni hajui kugonga. Ukimvunjikia njiani, atawasifu wafinyanzi wetu? Wahenga walinena kweli: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tatu, ni habari ya fedha. Ikiwa mwenye kutia rangi ni mchuuzi wa mjini, mama aliyechimba udongo hupewa bei ya chombo kitupu, na faida humwendea mwingine. Tena bei ndogo yaua kazi. Mwaka 2012 UNESCO iliuandika ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng, nchini Botswana, katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa upesi. Sababu zilizotajwa ni hizi: mafundi wapungua, bei ni ndogo, na watu watumia vyombo vya viwandani.

Hapo, ndugu wasomaji, lawama yatugeukia sisi. Maji ya kunywa nyumbani mwetu yamo katika nini? Je, si katika ndoo ya plastiki? Sisi tuliouacha mtungi ndio tuliomfanya mfinyanzi amtazamie mgeni peke yake.

Basi mgeni na anunue, wala asikatazwe. Lakini auziwe mtungi wenye rangi ya udongo wake, aelezwe kazi yake, alipe bei ya haki. Nasi tununue kabla yake, tukanywe maji baridi. Binti atajifunza kwa mamaye kazi impayo chakula, isiyompa ataiacha. Udongo uwahi ungali maji.