Shamba la Matuu na Shahada ya Ughaibuni



Juma hili twajibu barua iliyotufikia kutoka Matuu, kaunti ya Machakos. Dada yetu aliyeiandika ni mzaliwa wa Lamu, na mumewe ana duka la nafaka katika mji huo ulio kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa. Kifungua mimba wao amekubaliwa na chuo kimoja cha Uingereza kusomea shahada ya biashara. Baba ataka kuuza eka mbili zilizo karibu na mfereji wa Yatta, ule uliochimbwa kwa mikono ya mahabusu katika miaka ya 1950, ili alipe karo ya mwaka wa kwanza. Mama ana shaka, na achelea kuambiwa kuwa amfungia mwanawe riziki. Nyuma ya kijana huyu wako wadogo zake watatu, wawili kati yao wasichana.

Twaanza na hao watatu kwa kuwa barua imewataja katika mstari mmoja tu. Wengi wetu twakijua kisa cha Bashir, sahaba aliyempa mwanawe Nu'man zawadi, mkewe asiridhike mpaka Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Mtume akauliza iwapo watoto wote wamepewa kama hivyo. Alipoambiwa sivyo, akakataa kushuhudia. Ni kweli kwamba wanazuoni wametofautisha baina ya zawadi na matumizi ya haja: anayesoma hutimiziwa haja ya masomo yake, na mdogo wake hangojewi apewe kiasi kile kile siku ile ile. Lakini mwaka wa kwanza ukilimeza shamba zima, wa pili na wa tatu italipwa kwa nini? Na zamu ya wale wasichana ikifika, kutakuwa kumebaki nini cha kuuza? Swali hilo ni la baba kulijibu mbele ya watoto wote wanne, kabla ya kumwita mnunuzi.

Kijana, twaambiwa, asema atafanya kazi huko na kujilipia. Sheria ya viza ya Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa mhula, si zaidi. Saa hizo zaweza kumsaidia kwa chakula na nauli. Kuzitegemea zilipe karo ya mgeni, iliyo kubwa kuliko ya mwenyeji, ni kujidanganya. Isitoshe, mwombaji hutakiwa aoneshe kwamba fedha za kujikimu zimekaa katika akaunti siku 28 mfululizo. Hapo ndipo baadhi ya mawakala huja na msaada wao: fedha za kuazima zikae siku hizo, kisha zirudishwe na nyongeza. Nyongeza hiyo ni riba, na karatasi itakayopelekwa ubalozini ni ushahidi wa uongo. Dada yetu hakusema kama wakala wao ametaja jambo hilo. Akilitaja, mlango na ufungwe.

Wala hatari haiko kwa mawakala wa vichochoroni peke yao. Wazazi wa Uasin Gishu walitoa fedha zao kupitia mpango wa kaunti yenyewe ili watoto wakasome Finland na Kanada. Mwaka 2023 walikuwa katika barabara za Eldoret wakizidai, kwani wako watoto ambao hawakuondoka, na wako waliofika wakaambiwa karo haijalipwa. Kwa hiyo, lolote litakaloamuliwa, karo itoke mkononi mwa mzazi iingie katika akaunti ya chuo, na stakabadhi iwekwe.

Katika harambee za karo hausahauliki ule usemi wa kutafuta elimu hata Uchina, ingawa wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha isnadi yake. Safari ya elimu ina fadhila bila ya kuutegemea usemi huo. Ila biashara, kwa maoni yetu, ni elimu inayotaka kwanza kuujua mji. Kodi za hapa, ushuru wa soko, bei ya pojo (au ndengu, kama ziitwavyo Ukambani) mvua inapokosa: hayo hayafundishwi Uingereza. Chuo Kikuu cha Umma, kilichoanzia Thika katika barabara hiyo hiyo ya Matuu na sasa kiko Kajiado, chafundisha biashara. Akimaliza shahada ya kwanza hapa, na aende nje kwa uzamili, tena kwa ufadhili. Akipenda fedha za Kiislamu, kipo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa cha Malaysia, kilichoanzishwa mwaka 1983. Popote aendapo, aulize mapema kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama shahada hiyo itatambuliwa nchini.

Dada yetu auliza pia juu ya istikhara, kwamba ameswali siku tatu na hakuota ndoto. Ndoto si sharti. Rakaa mbili na dua huswaliwa baada ya kuuliza na kushauriana, kisha mtu huendelea na jambo lake, likifunguka au likifungika. Kuuliza bado hakujakamilika.

Muda wa malipo ya kwanza, asema, ni majuma matatu. Kijana na akiandikie chuo leo, aombe nafasi yake iahirishwe mwaka mmoja. Vyuo vingi hukubali. Mwaka huo akae dukani, ashike daftari la mali kauli la babake, na shamba lilimwe kama kawaida mpaka kikao cha watoto wanne kifanyike.