Futi 5,000 juu ya Thika si anga, ni ardhi

Tangu ndege ya AMREF ianguke Mwihoko, Ruiru, tarehe 7 Agosti 2025 na kuua watu sita, wawili kati yao wakiwa chini, jamaa zetu walioko Ruiru na Thika hutazama juu kila wasikiapo mngurumo. Ile ilikuwa imetoka tu kupaa Wilson. Wananiuliza: na hizi zinazoshuka kuelekea JKIA je?

Ndege kubwa hushuka kwa hesabu. Kompyuta huanzia uwanjani na kuhesabu kurudi nyuma: kila futi 1,000 za kushuka zahitaji takriban maili tatu za baharini. Rubani akipewa njia ya mkato inayopunguza maili 20, ghafla yuko juu kuliko inavyotakiwa kwa zaidi ya futi 6,000. Asipoingiza njia mpya, kompyuta itaendelea kuipigia hesabu njia ambayo haipo tena.

Kwetu Mombasa uwanja uko karibu na usawa wa bahari. Huko bara, JKIA iko futi 5,330 juu ya bahari, Thika karibu 5,000, na kilele cha Aberdare chapita 13,000. Mwezi Juni 2018 ndege ya Fly-SAX iliyotoka Kitale kuja JKIA iligonga milima hiyo, wakafa watu 10.

Mfano ninaoukumbuka zaidi ni wa tarehe 3 Septemba 1974. Boeing 747 ya British Airways ikikaribia Nairobi iliambiwa ishuke hadi futi 7,500. Marubani wakasikia 5,000, wakaiweka namba hiyo. Otopailoti ikatii, ikaipeleka ndege chini ya usawa wa uwanja wenyewe. Ilipookolewa, ilikuwa imebakisha takriban futi 70 kugusa ardhi.

Kwa maoni yangu, funzo ni lile lile leo. Mtambo hauulizi kama namba ina maana. Hiyo ni kazi ya binadamu. Waongozaji wa ndege watoe mabadiliko ya njia mapema. Rubani apige hesabu upya kichwani, na akiwa na shaka aulize, kwani kuuliza si ujinga. Nazo kampuni zisimnunie rubani anayeamua kuzunguka tena. Mafuta yatakayochomeka yana bei. Abiria, na waliolala Ruiru, hawana.